Kuomba ruzuku ya wakfu: kazi huanza kabla ya fomu

Swali moja hurudi tena na tena katika ofisi za wadi na za maendeleo ya jamii. Kikundi kina cheti, kina shida ya kweli, na kimesikia kwamba wakfu fulani unatoa pesa. Kifanye nini ili kizipate? Wengi huja wakitarajia kupewa fomu. Fomu ipo, na mara nyingi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kinachoamua ni mambo ambayo kikundi kiliyafanya, au kiliyaacha, miezi mingi kabla ya fomu kutolewa: daftari la mahudhurio, taarifa ya benki, barua ya mwenye shamba, na pesa au jasho ambalo wanachama wenyewe wametoa.

Makala haya yanaeleza ruzuku ya wakfu ni nini, kwa nini anayeiomba huulizwa maswali mengi, na jinsi kikundi cha kawaida cha Kericho au Bomet kinavyoweza kujiandaa bila kupoteza akiba yake mikononi mwa matapeli.

Pesa za wakfu na pesa za umma

Vikundi vingi huchanganya mifuko miwili. Hazina ya Uwezo na Hazina ya Wanawake ni pesa za umma, na aghalabu hutolewa kama mkopo unaorudishwa. Basari za kaunti na miradi ya NG-CDF pia ni pesa za umma. Mkazi ana haki ya kuuliza zimegawanywaje, na Ibara ya 35 ya Katiba inamlinda anapouliza.

Ruzuku ya wakfu ni kitu kingine. Wakfu ni mali iliyotengwa na mtu, familia au kampuni kwa ajili ya hisani, kisha ikawekwa chini ya wadhamini. Pesa zake hazirudishwi zikitumika kama mlivyokubaliana, lakini pia si haki ya mtu yeyote. Wadhamini ndio huamua zitaenda kwa kazi gani, wapi, na kwa nani. Gavana, mbunge, mwakilishi wadi au afisa wa kaunti hawezi kuuamuru wakfu ukipe kikundi fulani ruzuku. Anayejigamba kwamba anaweza, afadhali aogopwe.

Hapa Kenya mashirika haya ni ya namna mbalimbali. Kuna yaliyotokana na kampuni: Wakfu wa Safaricom ulianzishwa mwaka 2003, wa KCB 2007, wa Equity Group 2008 na wa M-PESA 2010. Kuna ya familia, kama Wakfu wa Chandaria, au Rattansi Educational Trust ya mwaka 1956, ambayo husaidia wanafunzi kwa karo. Wakulima wadogo wa chai nao wana wao, Wakfu wa KTDA, ambao ni mkono wa hisani wa shirika linalomilikiwa na wakulima kupitia kampuni za viwanda kama Litein, Kapkatet, Momul, Mogogosiek na Kapkoros. Kenya Community Development Foundation, yaani KCDF, ilianza mwaka 1997. Hiyo haina tajiri mmoja nyuma yake. Hukusanya kutoka kwa wengi, na imejulikana kwa kuzihimiza jamii zichange kwanza ndipo ziongezewe. Halafu yapo makubwa ya ng'ambo, kama Rockefeller Foundation ya mwaka 1913 na Ford Foundation ya mwaka 1936, ambayo kwa kawaida hayashughuliki moja kwa moja na kikundi cha watu 20.

Kila wakfu una shamba lake la kulima. Mmoja hushughulika na elimu, mwingine afya, mwingine mazingira au biashara za vijana. Ombi la josho la ng'ombe likipelekwa kwa wakfu wa karo litakataliwa hata kama limeandikwa na profesa. Hata ndani ya wakfu mmoja kuna mipango tofauti yenye masharti tofauti. Mpango wa Ndoto Zetu wa Wakfu wa Safaricom, ulioanza mwaka 2019, uliwaalika wananchi waeleze ndoto walizo nazo kwa ajili ya jamii zao, na mlango wake ulikuwa mwepesi kuliko ule wa miradi mikubwa. Mipango ya namna hii hufunguliwa na kufungwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma, katika tovuti ya wakfu wenyewe, kama dirisha liko wazi na nani anaruhusiwa kuingia.

Wazee wa hapa wanaikumbuka njia nyingine. Mashamba makubwa ya chai yaliyoanza miaka ya 1920 yalijenga shule na zahanati zake, na kikundi kilichotaka mabati kilimwandikia meneja barua ya ukurasa mmoja. Mambo yamebadilika. Unilever iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai duniani mwaka 2022, na mashamba mengine pia yamepata wenye wapya. Meneja wa leo huenda hamjui chifu wa jana. Barua ya ukurasa mmoja bado inaweza kufungua mazungumzo, lakini nyuma yake sasa panahitajika faili.

Kwa nini maswali ni mengi

Wanachama wengi hukasirika wanapoulizwa nakala za vitambulisho, katiba ya kikundi, kumbukumbu za mikutano na taarifa ya benki ya miezi sita, na yote hayo kwa ruzuku ambayo huenda wasiipate. Inafaa kujua maswali hayo yanatoka wapi.

Mfano mzuri ni Marekani, kunakotoka sehemu kubwa ya ruzuku za ng'ambo. Huko wakfu binafsi hupata nafuu kubwa ya kodi, na sheria ya kodi, iliyokazwa mwaka 1969, huudai mambo mawili. La kwanza, utoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali yake, usikalie utajiri tu. La pili, pesa zikienda nje kwa shirika ambalo halitambuliwi kuwa la hisani kwa sheria ya huko, wakfu uthibitishe kwamba shirika hilo linalingana na la hisani la Marekani, au uifuate pesa hadi mwisho: uchunguze mpokeaji kabla ya kumpa, utie saini naye mkataba, pesa ziwekwe kando zisichanganywe na nyingine, ripoti zije kila mwaka, na kilichobaki au kilichotumiwa vibaya kirudishwe. Pesa hizo haziruhusiwi kabisa kutumiwa kumpigia debe mgombea wa uchaguzi.

Basi afisa anayeuliza jina la benki na majina ya waweka saini hawashuku akina mama wa Konoin. Anajaza faili ambayo yeye mwenyewe ataulizwa. Wakfu wa Kenya nao una wakaguzi wake na wadhamini wake, na maswali yake hayatofautiani sana na hayo.

Mfano wa chemichemi

Chukulia kikundi cha watu 22, wengi wao akina mama wenye vishamba vya chai karibu na Mto Itare. Kikundi hiki ni cha mfano tu, lakini hali yake haitakuwa ngeni kwa msomaji wa Kuresoi, Konoin au Bureti. Wanateka maji katika chemichemi isiyolindwa, na wanataka kuijengea ukuta, kuweka mabomba ya kutekea na kuzuia mifugo.

Ombi lao la kwanza husomeka hivi: jamii yetu ni maskini, ina shida ya maji, tunaomba shilingi milioni 3 za kuchimba kisima, kununua tangi, kujenga ofisi na kuwawezesha vijana. Kila neno hapo huenda ni kweli, na bado ombi hilo halitasomwa mara mbili. Maelfu ya jamii ni maskini na zina shida ya maji. Anayesoma haoni ni watu wangapi, ni maji gani, wala ofisi inahusianaje na kiu.

Sasa wanachama wawili wachukue daftari na kuzunguka kijijini kwa wiki moja. Warudi na jambo linaloweza kuhesabiwa: nyumba 64 huteka hapo. Ng'ombe hunywa hapo hapo. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari foleni huanza saa kumi na moja alfajiri, na mtoto anayesubiri zamu hufika shuleni amechelewa. Katika nyumba 19 kati ya hizo 64, mtoto aliharisha mwezi uliopita. Hakuna mtaalamu aliyelipwa. Ni kalamu na miguu tu. Ombi linaloanza na aya hiyo limekwisha kuzipita nusu ya karatasi zilizo mezani.

Tahadhari moja hapa. Majina ya watoto wagonjwa hayaingii katika ombi, wala picha zao bila ruhusa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu hata daftari la kikundi. Idadi inatosha.

Kisha yanakuja maswali ambayo kikundi hakikuyatarajia. Chemichemi iko katika shamba la nani? Katika nchi hii ambako ekari moja ya chai ndiyo karo na ndiyo chakula, jambo hili limevunja miradi mingi kuliko ukosefu wa pesa. Mwenye shamba hukubali kwa mdomo, mradi hujengwa, yeye hufariki, na wanawe huweka kufuli. Ruhusa inafaa kuandikwa, itiwe saini na mume na mke, watoto waliokua wakiwepo, na ishuhudiwe katika ofisi ya chifu. Iseme wazi njia ya kufikia maji ni ipi na upana wake ni hatua ngapi. Kujenga kitu kwenye chanzo cha maji huweza pia kuhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Kuuliza mapema ni bora kuliko kusimamishwa kazi ukuta ukiwa nusu.

Swali lingine: mbona mikaratusi imepandwa hatua kumi kutoka kwenye maji? Kila mtu hapa anajua kwamba mti huo hunywa sana, na kila mtu anajua pia kwamba kuni zake hununuliwa na viwanda vya chai. Afisa wa wakfu akija kukagua ataiona miti hiyo kabla ya kuona foleni. Kikundi ambacho kimekwisha kuzungumza na mwenye miti, kikakubaliana naye ivunwe na mahali pake pawekwe miti ya kienyeji, kina jibu. Kikundi ambacho hakijazungumza naye kinaomba pesa za kulinda chemichemi huku kikiiacha ikauke.

Halafu bajeti. Hapa ndipo ombi hupata au hupoteza heshima. Tuseme bei zilizoulizwa katika maduka matatu zimetoa hesabu hii: saruji mifuko 40 kwa shilingi 800, jumla 32,000; mchanga na kokoto malori mawili, 36,000; mabomba na viungo vyake, 45,000; fundi siku 14 kwa shilingi 1,500, jumla 21,000; waya wa ua na miche, 20,000; kupima maji kabla na baada ya ujenzi, 12,000. Kinachoombwa ni shilingi 166,000. Kutoka milioni 3 hadi 166,000 ni mteremko mkubwa, na wanachama wengine watalalamika kwamba kikundi kinajidharau. Hakijidharau. Kinaomba kile ambacho kinaweza kukionyesha risiti.

Upande wa pili wa karatasi ni mchango wa kikundi. Wanachama 22 watafanya kazi siku 6 kila mmoja. Kibarua cha siku kikihesabiwa shilingi 500, hiyo ni 66,000. Mawe watayaleta wenyewe, yenye thamani ya 20,000. Mchango wao ni 86,000 katika mradi wa 252,000, zaidi kidogo ya theluthi moja. Vikundi vingi hutoa jasho hilo bila kuliandika popote, kwa kuwa harambee kwetu ni desturi na mtu haandiki desturi. Ni kosa. Wakfu huhesabu jasho pia, mradi lina daftari la mahudhurio lenye tarehe na saini.

Swali la mwisho ni lile linaloua miradi baada ya sherehe: bomba likivunjika, nani atalipa? Nyumba 64 zikitoa shilingi 50 kila mwezi, zinapatikana 3,200 kwa mwezi, 38,400 kwa mwaka. Zinatosha mabomba na siku kadhaa za fundi. Kamati ya maji iteuliwe na ianze kukusanya kabla ya ruzuku kuja, hata kama ni shilingi 20, ili taarifa ya benki ioneshe kwamba watu hawa wamezoea kuchanga.

Kuhusu wakati, uamuzi wa wakfu huchukua miezi. Ujenzi wa chemichemi hufaa kiangazi, kabla ya mvua ndefu za Machi. Bonasi ya KTDA huja Oktoba, na hapo ndipo mchango wa wanachama hukusanyika kwa urahisi. Kikundi kinachotaka kuchimba Januari basi kinahitaji kuwa na ombi lililokamilika katikati ya mwaka uliotangulia.

Na lugha? Fomu nyingi ni za Kiingereza. Hilo lisiwafanye wanachama wamwachie kijana mmoja mwenye kompyuta kila kitu. Mjadala ufanywe kwa Kipsigis, kumbukumbu ziandikwe kwa Kiswahili, na tafsiri iwe kazi ya mwisho. Ombi likishatafsiriwa, lisomwe tena mbele ya mkutano kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa. Afisa akija kukagua hatamuuliza yule kijana. Atamuuliza mama aliyeketi nyuma kabisa: mradi huu ni wa nini, na uligharimu pesa ngapi?

Usajili na karatasi

Kikundi cha kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Ofisi hiyo ni ya serikali ya kitaifa, si ya kaunti, na wengi hupoteza nauli kwa kutojua hilo. Kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, kiwe na katiba, kumbukumbu za mkutano ulioamua kujisajili, na orodha ya wanachama na viongozi. Cheti kina tarehe ya mwisho na huhitaji kuhuishwa. Cheti kilichokwisha muda ni miongoni mwa sababu rahisi kabisa za ombi kutupwa nje.

Mashirika makubwa zaidi, yanayofanya kazi kwa manufaa ya umma na yanayotaka kutambuliwa hivyo, huongozwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma. Ilipitishwa mwaka 2013 lakini ikaanza kutumika Mei 14, 2024, na kuchukua nafasi ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 1990. Sheria hiyo inakataza shirika kuchangisha pesa au kupiga kampeni kwa ajili ya chama au mgombea. Uchaguzi wa 2027 unapokaribia, kikundi kinachovaa fulana za mwanasiasa katika picha zake kinajipunguzia nafasi bila kujua.

Zaidi ya cheti, huulizwa nambari ya KRA ya kikundi, si ya mwenyekiti, na akaunti ya benki au ya SACCO yenye waweka saini watatu ambao hawatoki nyumba moja. Mume akiwa mwenyekiti na mkewe mweka hazina, hata wawe waaminifu namna gani, wakfu utarudi nyuma.

Wakfu mwingine hautoi pesa kwa kikundi kidogo hata kidogo. Hapo kuna njia ya kupitia shirika mlezi, yaani shirika lililosajiliwa na lenye hesabu zilizokaguliwa, ambalo hupokea ruzuku kwa niaba ya kikundi na kukata asilimia fulani ya gharama za usimamizi. Njia hii ni halali na ni ya kawaida. Asilimia hiyo iandikwe kwenye mkataba kabla ombi halijatumwa, pamoja na siku ambazo shirika mlezi litakaa na pesa kabla ya kuzituma. Mkataba wa mdomo hapa huzaa kesi.

Mradi ukigusa kitu cha kaunti, kama zahanati, chekechea, barabara ya kijijini au bomba la kampuni ya maji, kikundi kinahitaji barua ya idara husika. Wodi mpya bila wauguzi ni ghala tu, na wauguzi huajiriwa na kaunti. Idara inaweza pia kusaidia kwa michoro na makadirio ya mhandisi, na kuonyesha mahali mradi unapoingia katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti wa 2023 hadi 2027. Barua hiyo haiuwajibishi wakfu kwa lolote, na haitozwi malipo ya chini ya meza.

Madalali

Palipo na pesa za hisani pana watu wanaozizunguka. Wa kwanza ni tapeli kamili. Hufungua ukurasa wa mtandaoni wenye jina la wakfu unaojulikana, hutangaza ruzuku kwa vikundi vya wanawake, kisha hudai ada ya usajili, ya bima au ya kufungua faili, itumwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Wakfu halali haudai pesa ili utoe pesa. Ujumbe wa namna hiyo ukija kwa laini ya Safaricom unaweza kutumwa 333 bila malipo, na aliyekwisha kulaghaiwa apige ripoti katika kituo cha polisi akiwa na ujumbe wenyewe wa malipo, asiufute kwa aibu.

Wa pili ni mgumu zaidi kumtambua kwa sababu hufanya kazi ya kweli. Huyu ni mwandishi wa maombi. Hakuna ubaya kumlipa mtu anayejua kuandika ada iliyokubaliwa. Ubaya huanza anapotaka asilimia 10 au 20 ya ruzuku ikitoka. Pesa hizo hazimo katika bajeti, kwa hiyo zitafichwa ndani ya saruji, na siku ya ukaguzi mifuko 40 itakuwa 30. Kikundi ndicho kitakachojibu, yeye hatakuwepo. Zaidi ya hayo huandika ombi moja kwa vikundi vingi na kubadilisha majina tu. Maafisa wa wakfu husoma maombi yote na huitambua sentensi waliyoiona asubuhi.

Pesa zikija

Ruzuku ikikubaliwa, mkataba usomwe mkutanoni kabla ya kutiwa saini. Mara nyingi pesa huja kwa awamu, na awamu ya pili hutegemea ripoti ya ya kwanza. Kosa linalorudiwa ni hili: benki iko mbali, fundi anangoja, mweka hazina anatoa elfu 60 na kuziweka katika M-Pesa yake ili alipe kidogo kidogo. Halili hata shilingi. Lakini taarifa ya simu yake sasa imechanganya saruji, karo ya mwanawe na mkopo wa jirani, na risiti mbili zimelowa mvua. Awamu ya pili haiji. Kijijini ataitwa mwizi, naye si mwizi. Kikundi kinaweza kumkinga kwa kulipa maduka moja kwa moja kutoka akaunti, na kwa kupiga picha kila risiti siku ile ile.

Bei ya saruji ikipanda, au mvua ikichelewesha kazi, wakfu uandikiwe kabla ya bajeti kubadilishwa. Wengi hukubali wakiulizwa mapema. Baada ya pesa kutumika kwingine, hata sababu nzuri husikika kama kisingizio.

Na wakisema hapana

Maombi mengi hukataliwa, hata yaliyo mazuri, kwa sababu pesa ni chache kuliko vikundi. Kikundi kinaweza kuandika kwa adabu kuuliza ni wapi kilipungukiwa. Si kila wakfu hujibu, lakini jibu la mistari miwili lina faida kubwa kuliko kukisia. Ombi lile lile, likiwa na hesabu zilizosahihishwa, linaweza kupelekwa kwa wakfu mwingine wenye shabaha hiyo. Kuyatuma kwa wawili kwa pamoja kunaruhusiwa pia, mradi kila mmoja aelezwe. Kuficha, kisha kulipwa mara mbili kwa ukuta mmoja, ni udanganyifu.

Kikundi kinachotaka kuanza kinaweza kwenda katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo kikiwa na cheti halisi, nakala za vitambulisho vya viongozi, katiba, daftari la mikutano na taarifa ya benki ya karibuni. Ambacho hakijasajiliwa kiende na kumbukumbu za mkutano wake na orodha ya wanachama. Kwa barua za idara, pa kuanzia ni ofisi ya msimamizi wa wadi.